Shavu Dirishani

Kwanza nieleze ugonjwa wa bosi wetu, maana usipouelewa huo hutaelewa kwa nini nilimkata uso.

Bosi wetu, ambaye mafundi wote tulimwita Bwana Mwangaza akishatupa mgongo, hakuupenda uso wake. Si kwamba ulikuwa mbaya. Ulikuwa uso wa kawaida, mweusi tii, wenye mashavu ya mtu anayekula akashiba. Lakini tangu apate cheo aliona una kasoro moja: haukuwa mweupe. Basi kila mwaka kiwanda chetu cha uchapaji kilipotengeneza kalenda ya kugawia wateja, ile ambayo uso wake hukaa juu ya miezi yote kama jua, alikuja chumba cha usanifu, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akajitazama kwenye skrini, akasema, "Ongeza mwangaza."

Msanifu anaongeza.

"Ongeza."

Anaongeza tena.

"Sasa niwekee wekundu kidogo, nionekane nina afya."

Sikiliza vizuri hapo, maana ndipo upumbavu ulipolala. Hakutaka picha iguswe. Msanifu mmoja wa zamani aliigusa picha, kalenda ikatoka bosi anafanana na mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga, wateja wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo akatoa amri: picha yangu ni yangu, msiiguse, rekebisheni kompyuta. Kwa hiyo wasanifu wakawa wanaikoroga skrini yenyewe, mwangaza juu, wekundu juu, mpaka mheshimiwa aridhike na kuondoka akipiga mluzi. Ni kama mtu asiyependa sura yake akaenda kukipaka chokaa kioo. Sura inabaki ileile. Kinachoharibika ni kioo, na kila anayekuja kujitazama baada yake anaambiwa uongo.

Kalenda ikichapwa alitoka mweusi vilevile, kama Mungu alivyopanga. Hapo ndipo aliponijia mimi mtamboni. "Fundi, umezidisha wino!" Nami niliupunguza wino kwa heshima zote, mpaka tarehe zenyewe zikafifia. Kuna watu mjini humu walimaliza mwaka mzima hawajui Jumapili imekaa wapi, ila walijua kiwanda chetu kina bosi wa rangi ya chai ya maziwa.

Na skrini ilibaki hivyo hivyo, imekorogwa. Hakuna aliyethubutu kuirudisha. Msanifu anayeitumia anaona kila kitu cheupe mno, basi anakitia giza mpaka kikae sawa machoni pake; kikifika kwenye karatasi kimekuwa giza juu ya giza. Tulichapa lebo za nyanya za kopo, nyanya zikatoka rangi ya ini. Tulichapa karatasi ya kufungia sabuni ya watoto, mtoto akatoka kama aliyesahaulika juani. Mteja akilalamika, Bwana Mwangaza alikuwa na jibu moja: "Msanifu ana macho mabovu." Na msanifu alifukuzwa. Wawili wameondoka hivyo mbele ya macho yangu, na katika mji ambao wachapaji wote wanajuana, neno hilo linamfuata mtu kama nzi anavyofuata kidonda. Msanifu mwenye macho mabovu nani atamchukua? Mmoja wao sasa anauza viatu. Sijasikia hata siku moja kwamba amempa mteja kiatu cheusi na mwenziwe wa kahawia.

Wa tatu kukalia kiti kile alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu. Kichwa alikirithi kwa mama yake, nashukuru. Mdomo aliuchukua kwangu. Siku ya kwanza aliiwasha kompyuta, akakaa akiitazama, akaniita.

"Mjomba, hii skrini ina homa."

"Ina homa ya bosi," nikamwambia.

Akauliza kama hatuna kipimarangi. Tunacho, tena kizuri: kidude cheusi cha mviringo, mafundi tulikiita Kobe. Unamtundika Kobe juu ya skrini, tumbo lake likitazama kioo, skrini inamwonyesha rangi moja baada ya nyingine naye anasoma kila moja ilivyo, kisha kompyuta inairudisha kila rangi mahali pake. Hana urafiki na mtu. Alitumika mara moja tu. Siku hiyo Bwana Mwangaza alikuja kujitazama akakutana na uso wake mwenyewe, bila kuonywa. Alimng'oa Kobe kwa mkono wake, akamfungia kabatini ofisini, ufunguo ukaingia mfukoni na haukutoka tena.

Mpwa wangu alijikongoja miezi kadhaa kwa kubahatisha. Halafu ikaja kazi ya Sista.

Sista alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke wa sauti kubwa na viatu visivyo na kelele. Alitaka bango la kubandika kwenye zahanati, lenye picha mbili za kiganja cha mtoto: kimoja cha mtoto mwenye damu ya kutosha, kingine cha mtoto aliyepungukiwa damu. Mhudumu akutane na mtoto, afungue kiganja chake, akilinganishe na bango, ajue kama wa kurudi nyumbani au wa kukimbizwa hospitali. Kazi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Rangi ndiyo ilikuwa maneno.

Tulichapa karatasi ya mfano. Sista akaishika, akaitazama, akafungua kiganja chake mwenyewe akakiweka kando ya kile cha mgonjwa.

"Huyu ndiye hana damu?"

"Naam," akajibu msimamizi wetu, tuliyemwita Naam kwa sababu hatujawahi kumsikia akisema neno jingine mbele ya mkubwa.

"Mbona ana damu kunishinda mimi?"

Naam akamgeukia mpwa wangu.

"Mhudumu akiifuata hii," akasema Sista, "atamrudisha nyumbani mtoto anayekufa, na mama atamshukuru. Narudi alasiri. Nikikuta hivi tena nachukua kazi yangu naenda kwingine."

Alipotoka, Bwana Mwangaza aliteremka ngazi. Hakuitazama karatasi. Alimtazama mpwa wangu.

"Binti, una macho?"

"Ninayo, bosi. Skrini ndiyo haina."

"Skrini haina kosa. Mimi mwenyewe nimeirekebisha." Akasema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyechimba kisima. "Alasiri Sista akikataa, wewe na kiti hicho basi. Na wakinipigia simu kuuliza habari zako, nitawaambia ukweli: macho mabovu."

"Naam," akasema Naam.

Mpwa wangu akamfuata bosi mpaka ofisini, nami nikamfuata mpwa wangu, kwa kisingizio cha kupeleka karatasi ya kutiwa sahihi. Aliomba kwa adabu. Ampe Kobe kwa muda mfupi tu, amrudishe kabla ya chakula cha mchana.

"Kile kidude," akasema Bwana Mwangaza akijiegemeza kitini, "hakijatengenezwa kwa ajili yetu."

"Kwa ajili ya nani, bosi?"

"Wametengeneza wao huko. Kinaona kwa macho yao. Ukikiweka, mtu mweusi kinamfanya mweusi. Ni kidude kibaguzi."

Nimeishi sana, nimesikiliza hotuba nyingi, na chache nilizitoa mimi mwenyewe nikiwa nimesimama juu ya marobota ya karatasi. Lakini sijawahi kusikia ubaguzi ukitafutwa mbali hivyo na mtu aliyeubeba usoni mwake mwenyewe.

"Bosi," akasema mpwa wangu taratibu, "mtu mweusi kumfanya mweusi ni kosa gani?"

"Wiki hii ni ya kalenda," akajibu. "Hakuna atakayegusa ile skrini. Nenda kazini."

Tuliteremka. Alikaa kwenye ndoo ya wino iliyogeuzwa, kando ya mtambo wangu, mikono magotini. Hakulia. Watu wa ukoo wetu tukikasirika tunatulia kama maziwa kabla hayajafurika.

"Tugome," nikamwambia.

"Mjomba, kwako kila kitu ni kugoma. Chai ikipoa, tugome. Choo kikikosa maji, tugome."

"Choo kilipata maji."

"Najua. Umeniambia tangu nanyonya." Akacheka kidogo, kisha cheko likakatika. "Hata nikimpata Kobe, sijui. Angalia hii karatasi. Ina rangi gani?"

"Ya kahawia, yenye wekundu."

"Ni karatasi yenye wekundu, au ni chumba kina wekundu?"

Nikageuka nikatazama dirisha. Na hapo, wallahi, mambo yote niliyoyaweka kifuani kwa miaka mingi yakasimama kwa pamoja.

Chumba kile cha mitambo zamani hakikuwa na dirisha. Tulichapa chini ya balbu ya manjano, hatutofautishi bluu na kijani, na tukikosea tunakatwa mshahara. Mimi na kijana mwenzangu, tulioajiriwa pamoja kama wafagiaji, tuliwasimamisha wenzetu. Tuliweka chini mifagio, wachapaji wakazima mitambo. Yule mwenzangu alikuwa na kipaji cha kusema kuliko mimi. Alipanda juu ya robota akapiga kelele, "Hatutaki shukrani, hatutaki pole! Tunataka kuona!" Na ukuta ukatobolewa. Dirisha kubwa, linalotazama barabara, na mwanga wake ulikuwa mweupe na wa haki. Kila karatasi tuliyotaka kuijua rangi yake tuliipeleka pale.

Kijana yule ndiye Bwana Mwangaza.

Alivyopanda kutoka kwenye robota mpaka kwenye kiti cha ngozi sitaki kusimulia, mate yangu yana kazi nyingine. Nitasema tu kwamba alipofika juu alitundika nje ya jengo turubai la tangazo lenye uso wake, refu toka paa mpaka usawa wa mlango, uso umepaushwa na kutiwa wekundu, maana amri ya kutogusa picha ilikuwa bado, meno kama sahani. Na shavu lake la kushoto likaangukia dirisha letu. Tangu hapo mwanga wa mchana ulituingia umechujwa na nyama yake. Asubuhi wa waridi, mchana wa waridi. Tulizoea. Binadamu huzoea, hiyo ndiyo aibu yake. Hata mimi nilikuwa nimezoea, na nilikuwa nimekaa pale na mdomo wangu wote nasubiri mtoto wa dada yangu aniulize chumba kina rangi gani.

Wanasema mavi ya kale hayanuki. Wasemao hivyo pua zimewaziba.

Kengele ya chakula ilipolia, Bwana Mwangaza alitoka na gari lake kwa lango la nyuma, kama desturi yake. Nikachukua kisu cha kukatia karatasi, nikafungua dirisha, nikaingiza kisu kwenye turubai kwenye kona ya juu. Nilikata kwa kufuata fremu, mistari imenyooka, maana kazi ni kazi hata ikiwa ya hasira. Kipande kilidondoka barabarani: shavu zima, na nusu ya jicho, na pembe ya tabasamu.

Mwanga uliingia kama mgeni aliyezuiwa mlangoni muda mrefu. Mafundi waliokuwa wanakula wakaacha kutafuna.

"Toba!" akasema Naam, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza jipya. "Umefanya nini? Bosi akirudi nani atamwambia?"

"Wewe ndiye msimamizi."

Mtu wa kuitikia hawezi kuanzisha habari. Akaenda kujificha stoo, na huko alikaa mpaka mambo yakaisha.

Mpwa wangu hakunisifu. Alisema tu, "Nisaidie meza." Tukaibeba kompyuta yake, tukaiweka pembeni mwa dirisha, mahali ambapo karatasi inapata mwanga lakini kioo hakipigwi. Kisha akafanya kitu ambacho kwanza sikukielewa. Aliibandika ile karatasi mbovu, iliyokataliwa na Sista, kando ya skrini, akaifungua picha ileile kwenye skrini bila kuibadilisha. Upande huu kiganja cha karatasi, cheusi, kilichokolea. Upande ule kiganja cha skrini, cheupe, kizuri, cha uongo. Halafu akaanza kuishusha skrini. Mwangaza chini. Wekundu chini. Anatazama karatasi, anatazama skrini, anafumba macho, anafumbua, anashusha tena.

"Unaiharibu," nikasema. "Sasa imekuwa mbaya kama karatasi."

"Ndiyo, mjomba. Picha ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Skrini ilikuwa inaificha."

Alirudia na karatasi nyingine, zile za nyanya na sabuni, mpaka nyanya za rangi ya ini zikawa za rangi ya ini pande zote mbili. Haikuwa kazi safi kama ya Kobe, alisema, lakini skrini sasa ilikuwa imekubali kukiri. Baada ya hapo ndipo alipoigusa picha ya Sista. Alipokiondolea kiganja cha mgonjwa lile giza alilolitia kwa kudanganywa, weupe wa ugonjwa ukatokea wenyewe, taratibu, mpaka nikatamani kukifunika nguo. Nikaweka wino kama unavyotakiwa kuwekwa, nikachapa.

Sista aliingia alasiri. Na nyuma yake, akitokea mlango wa nyuma, Bwana Mwangaza, amejaa tabasamu la kupokea wateja. Hakuona dirisha, alikuwa anamtazama Sista anavyotazama karatasi. Sista alikwenda nayo moja kwa moja kwenye mwanga, kama sote tulivyokuwa tukifanya zamani. Akafungua kiganja chake akakiweka kando. Akakihamisha kwenye kile kingine.

"Huyu anayo," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Na huyu hana. Huyu ningemkimbiza."

"Si nilikwambia!" akadakia Bwana Mwangaza. "Hapa kwetu tuna macho, Sista!"

"Na kalenda yako pia iko tayari, bosi," akasema mpwa wangu, kwa upole ambao mama yake angeutambua na kujificha. "Njoo uitazame."

Akabonyeza. Uso ukajaa skrini, mweusi tii, na mashavu yake yote mawili.

Bosi akarudi nyuma hatua. "Nani huyu?"

Sista akamtazama yeye, akatazama skrini. "Si wewe?"

"Kompyuta imeharibika. Irudishe ilivyokuwa."

"Nikiirudisha, bosi, na kiganja cha Sista kinarudi."

"Kinarudi wapi?" akauliza Sista.

Mpwa wangu akamweleza, maneno machache, bila kupamba. Sista alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Bwana Mwangaza kama anavyomgeukia mtu aliyetema mate wodini.

"Ngoja nielewe. Mgonjwa wangu alipata damu kwa sababu wewe ulitaka weupe?"

Niliona fundi mmoja anaingiza kichwa chini ya mtambo kama anatafuta spana. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Nina mabango mengine," akaendelea Sista. "La macho ya manjano. La ulimi. Yatachapwa hapa ikiwa hii skrini itabaki hivi, na huyu binti atabaki mbele yake. Siku nitakayokuta mmoja wao hayupo, nahama na yote."

Bwana Mwangaza alitafuta pa kuyapeleka macho, na hapo ndipo alipouona mwanga. Aliufuata mpaka dirishani. Akatoa kichwa nje, akatazama juu, akatazama kushoto, akatazama barabarani ambako shavu lake lilikuwa limelala na mtu amelikanyaga kwa gurudumu. Aliporudisha kichwa ndani hakuuliza nani. Alinitazama mimi.

"Wivu," akasema. "Tangu zamani una wivu na mimi."

"Dirisha hilo ulilidai wewe," nikamwambia. "Juu ya robota. Nilikushika miguu usianguke."

Sijui alikumbuka nini. Midomo ilicheza, na kwa muda mfupi nilidhani yule kijana angejitokeza, hata kwa kunitukana tu. Ningemsamehe mengi kwa tusi moja la kweli.

"Zamani hizo," akasema, akapanda ngazi.

Mpwa wangu yupo kitini pake hadi leo. Hakuna aliyepiga simu kuuliza habari za macho yake, na bango la ulimi tumelimaliza juzi. Kobe bado yuko kabatini. Bosi alijinunulia kompyuta ya peke yake, anajifungia nayo ofisini, na huko wanaambiana wanayotaka. Mimi niliadhibiwa. Niliondolewa mtamboni nikapelekwa kwenye mashine ya kukata karatasi, na mashine hiyo iko chini ya dirisha. Mtu aliyekatwa uso amemkabidhi aliyemkata visu vyote vya kiwanda. Huyo ndiye anayetuongoza.

Turubai jipya liliagizwa siku ileile. Lakini lazima lisanifiwe na mpwa wangu, kwenye skrini ileile, maana hatuna nyingine iliyo wazi kwetu. Kila anapompelekea mfano, bosi anautazama, anaukunja, anasema si yeye. Naam anasema naam. Mpwa wangu anarudi chini na kutengeneza mwingine, uleule.

Kwa hiyo tundu bado lipo, na wapita njia wameshampa jina jipya, Bwana Dirisha. Asubuhi nikifika naweka karatasi ya kwanza mezani, pale ambapo shavu lake lilikuwa likituangukia, na ninaiona rangi yake.